Salamu za Watu wa Kazini

Sumbawanga,
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Suma,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na mama pia, ambaye nimesikia goti limeanza tena kumsumbua kwa sababu ya hizo mvua za Tukuyu zisizojua kupumzika. Mwambie aache kwenda kuchuma chai mwenyewe, ingawa najua hatasikia, kwa maana asiposikia la daktari atasikia langu? Sisi huku hatujambo kwa neema za Mungu. Andwele yupo na ofisi yake ya ardhi, anakusalimu sana. Faith naye amefaulu mitihani ya muhula na sasa nyumba nzima haina raha, kila mtu anaulizwa maswali ya sayansi. Baridi imeingia. Upepo wa Ufipa mwezi huu unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Magimbi na parachichi ulizotuma kwa basi zimefika salama, ni parachichi chache tu zilizoumia, nazo Andwele alizila hivyo hivyo. Ndaga fijo, asante sana, dada.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye hata ujumbe wa simu nakujibu kwa kukutumia kidole gumba. Nimeogopa simu. Kwenye simu mimi ni mwepesi wa kusema neno la kupita ili nikate nirudi wodini, na neno la kupita ndilo lililonifikisha hapa. Alhamisi ulinipigia ukaniambia kwamba kuna binti wa wodi yangu, Kalista, ameomba kazi kwenye hospitali yenu, kwamba Jumatano mnamwita kwenye usaili, na kwamba wewe kama matroni utasikilizwa wewe kuliko vyeti vyake. Ukaniuliza ni mtu wa namna gani. Nikakujibu kwamba hana ushirikiano, hapatani na wenzake, hata msiba wa baba yake mzazi aliuficha asizikwe na watu wa kazini. Uliguna, nikakusikia. Dada, nakuomba jibu lile usilipeleke kwenye kikao. Lishike mkononi mpaka umalize kusoma karatasi hizi, halafu ulitupe.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi hutaelewa nilivyofika hapa, japo sitaki iwe kisingizio. Siku niliyopewa uinchaji wa wodi ya watoto ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka Andwele akasikia kutoka jikoni. Nami nilifurahi, nikadhani sasa nitakuwa muuguzi mkubwa. Kumbe inchaji si muuguzi tena! Inchaji ni mtu wa funguo. Ninazo za stoo, za kabati la dawa, za chumba cha mashuka, nikitembea nalia kama mbuzi mwenye kengele. Asubuhi nasikiliza ripoti ya waliokesha, na kabla haijaisha naitwa kwenye kikao. Nikitoka kikaoni mtungi wa oksijeni umekwisha na mhusika hapokei simu. Nikihangaika na mtungi, dawa hazijaagizwa kwenye mfumo, na mfumo wenyewe umegoma. Wanafunzi wamesimama mlangoni wanasubiri wa kuwafundisha, fomu za bima zimerudishwa kwa sababu kuna mtu hakusaini, bomba la choo limepasuka, na baba wa mtoto mmoja anafoka kwamba anataka kuonana na mkubwa. Mkubwa ndiye mimi. Hapo hapo mtu wa zamu ya mchana anapiga simu kwamba anaumwa, basi navaa glovu naingia mwenyewe. Evodia, muuguzi mwenzetu, alipohama kumfuata mumewe hatukupewa mtu wa kuziba pengo. Niliomba kwa mdomo na kwa maandishi, nikaambiwa nivumilie. Nikavumilia, lakini kwa migongo ya wenzangu.

Haya unayajua, umeyapitia. Wewe lakini ulikuwa na kawaida ya kuketi na watu wako, kunywa nao chai, kumjua nani ana mtoto mgonjwa na nani amegombana na mwenye nyumba. Mimi chai yangu naimalizia nimesimama. Tuna kundi letu la wodi kwenye simu, na zamani lilikuwa na kila kitu humo, rosta, vichekesho, picha za harusi, mahubiri ya Marsiana. Marsiana ni yule mama mtu mzima niliyekuonyesha siku ulipokuja, anayewaita madaktari wote wanangu. Simu yangu ilikuwa inalia mpaka kichwa kinaniuma. Basi siku moja nikalifunga kundi, nikaweka kwamba anayeandika humo ni inchaji peke yake. Mwenye jambo aniambie mimi, nami nitalitangaza. Niliwaambia ni kwa ajili ya utaratibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kusikia sauti za watu.

Sasa Kalista. Ni binti wa Kifipa, wazazi wake ni wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili, kijiji chao kiko njia ya kwenda Kasanga, kabla barabara haijaanza kuteremka ziwani. Ni mrefu, ana mwanya, hana makelele. Ukimwona mara ya kwanza utadhani amezubaa. Mpe sasa mtoto aliyekauka kwa kuharisha, ambaye sote tumemchoma tumekosa mshipa, uone. Anamshika mkono, anamwimbia polepole nyimbo za kwao za Kifipa, na mshipa unajitokeza wenyewe kama umeitwa. Kina mama wakirudi kliniki hawamuulizi daktari, wanauliza yule dada anayeimba yuko zamu gani. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba angezaliwa mwanaume angekuwa padri.

Na hakuwa anajua kukataa. Hapo ndipo nilipomkamatia. Zamu ikikosa mtu nampigia Kalista. Mwenzake akitaka kubadilishana naye, namwambia Kalista atakubali. Nilimsifu mbele ya watu kwenye ripoti ya asubuhi, na jioni nikamwandika kwenye rosta Krismasi na Pasaka. Wallahi sikuona kuwa namwonea, niliona namwamini. Hata Marsiana alinionya, akasema inchaji, huyu mtoto anakuitikia ndiyo kwa adabu tu, si kwamba hachoki. Nikacheka, nikamwambia ukiwa na jembe moja linalokata utalimia lipi. Marsiana akasema hata jembe hupelekwa kwa mhunzi.

Baba yake, Mzee Adolfu, alianza kuumwa wakati tunajiandaa kwa wakaguzi. Kalista alikuja ofisini kwangu kuomba likizo yake, likizo ambayo ilikuwa haki yake tangu mwaka uliopita. Nikamwomba asubiri kwanza wakaguzi wapite, kwa sababu yeye akitoka wodi itaonekana uchi. Akasema sawa dada. Wakaguzi wakaahirisha kuja. Akaja tena, nami nikaona aibu, nikampa siku chache. Alipofika nyumbani mzee alikuwa hatambui tena sauti ya mtu. Alimuuguza mwenyewe mpaka akafariki mikononi mwake.

Msiba ukapita, akazikwa mzee, na hakuna hata mtu mmoja wa wodi yetu aliyekanyaga pale. Dada, wewe unajua maana yake. Watu wetu tunaweza kukosana mwaka mzima, tukaibiana hata chumvi, lakini msiba wa mwenzako wa kazini ukisikika gari inatafutwa, mchango unapita, khanga zinafungwa kiunoni, na mkubwa wa kazi anakwenda kusimama mbele ya watu kutoa salamu. Asiyekwenda kumzika baba wa mwenzake atamwangaliaje usoni kesho yake wakiwa wameinama juu ya kitanda kimoja?

Aliporudi, wodi ikawa baridi kuliko huu upepo. Wenzake walimpa mkono, wakasema pole, wakarudi kwenye kazi zao. Yeye akasema asante. Hakuimba tena. Wao walikuwa wanaamini kwamba Kalista ndiye hakutaka watu msibani kwao, wakaona amewabagua. Marsiana aliumia kuliko wote, akawa anasema kumbe miaka yote hii anatuona si ndugu, anatuona watu wa mshahara. Na Kalista alikuwa anaamini kwamba wenzake waliambiwa, wakasikia, wakaona uvivu kuja. Kila upande ulimeza lake. Walijuaje hayo yasiyokuwepo, nitakuambia. Nikiandika sasa hivi nitaikunja karatasi nitupe kwenye jiko.

Kuanzia hapo kila mtu alifanya kazi kwa saa yake tu. Hakuna tena wa kukushikia zamu ukiwa na mgonjwa nyumbani, hakuna wa kubaki kidogo kumsaidia mwenzake dripu ya mwisho. Victor, kijana wetu pekee wa kiume, aliyekuwa akitufanya tucheke hata siku ya vifo, akaja kuniaga kwamba amepata zahanati ya mtu binafsi, mshahara ni mdogo kuliko wa kwetu lakini anasema huko wanasalimiana. Nikakasirika, nikamwambia vijana wa sasa hamna wito. Matroni wetu mkuu akaniita akaniuliza mbona wodi yangu inakimbiwa. Nikamwambia ni uchache wa watu, ni mzigo, ni rosta. Akakubali kwa kichwa, akaandika, na yote niliyomwambia yalikuwa kweli tupu. Ndiyo maana yalinisaidia sana kujificha. Mwezi huu Kalista naye akaleta notisi. Hakusema sababu. Aliweka barua mezani, akainyoosha pembe zake, akaniambia pole na kazi, akaenda kupima watoto joto.

Sasa nisikilize ya wiki hii. Ijumaa, siku moja baada ya wewe kunipigia, mama yake Kalista aliingia mjini kuuza ulezi wake, akapita wodini kumletea mwanawe unga. Kalista alikuwa ameshatoka. Akamkuta Marsiana. Wakasalimiana kikubwa, wakaulizana hali, na yule mama akasema bila hasira yoyote kwamba siku ile walitusubiri sana, kwamba walituwekea benchi letu mbele karibu na jeneza, benchi la watu wa kazini, na katekista alipofika kwenye ratiba akawaita watu wa kazini kwa mfiwa waje watoe salamu. Akaita mara ya kwanza. Akaita tena, akidhani labda wako nje kivulini. Wajomba wakaanza kuulizana kwa chini huyu binti anafanya kazi hospitali kweli, au alitudanganya. Ndipo Kalista mwenyewe akainuka, mfiwa, akaenda akakaa peke yake kwenye lile benchi ili lisionekane tupu.

Marsiana alinijia ofisini analia. Alisema kumbe mtoto wa watu alitusubiri! Kumbe hakuuficha msiba! Akajitafutia jibu mwenyewe, akasema bila shaka ni mtandao, kule kwao simu hushika ukipanda kichuguu, ujumbe wake utakuwa haukufika, na aliporudi na huzuni yake sote tukamwelewa vibaya, hata wewe. Akaniambia inchaji, tusingoje, Jumapili twende wote tukamwombe radhi mama. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakwenda kuwaambia wengine. Kwa kuwa kundi limefungwa, aliwapigia mmoja mmoja kwa salio lake.

Basi leo tumekwenda. Tulikodi gari, Victor naye akaja ingawa si wa kwetu tena, tukabeba sukari na mchele na khanga za kumfunga mama. Nilikaa mbele kama mkubwa wa msafara, na njia nzima wenzangu nyuma wanaimba nyimbo za kanisa, mimi nimebana pochi kifuani kana kwamba kuna mtu atainyang'anya. Mashamba ya ulezi yameshavunwa, kulikuwa na vumbi tu na mabua. Tulipofika, Kalista alikuwa anachota maji. Aliposhusha ndoo akatuona sote, uso wake ulibadilika, dada, nikaona ule mwanya. Marsiana alimkimbilia, wakakumbatiana wakalia kwa sauti, kilio kile kile tulichotakiwa kukilia wakati ule.

Mama yake akatutolea benchi. Lile lile. Alilisema mwenyewe kwa tabasamu, kwamba limepata wenyewe. Tukakaa. Wakaitwa wajomba, akaja hata yule katekista, na ikasemwa kwamba sasa watu wa kazini watoe salamu zao. Wote wakanigeukia. Nikasimama. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba nikisimama nitasema kweli yote. Nikamwangalia yule mama na khanga yetu begani, nikaangalia wajomba, nikasema tunaomba radhi sana, mtandao ulitunyima ujumbe, laiti tungejua tungekuja hata kwa miguu. Wakapiga makofi. Mama akasema mtandao ni adui wa watu. Katekista akatuombea.

Kalista alikuwa amekaa mkekani, simu yake iko mapajani. Aliniangalia mara moja tu. Halafu akashusha macho, akanyoosha khanga yake magotini, akasema karibuni chai.

Dada, ujumbe ulifika. Ulifika kwangu. Nami niliujibu.

Asubuhi ile aliniandikia: Dada, baba amepumzika, tunazika kesho mchana, naomba uniandikie kwenye kundi, mimi siwezi kuandika humo. Nilikuwa stoo, natafuta kipimo cha presha cha watoto, wageni wa ukaguzi wako getini. Nilimjibu pale pale: Pole sana mdogo wangu, natangaza sasa hivi, tutakuja. Nikaweka simu mfukoni ili nikirudi mezani niandike tangazo. Mezani sikufika. Mtoto alishikwa na degedege, mtungi ukakataa, wageni wakaingia, nikawazungusha, nikatabasamu, nikaonyesha makabati. Na baada ya wageni kulikuwa na kingine, na baada ya hicho kingine. Kalista hakumpigia mtu mwingine kwa sababu mfiwa hajiombei rambirambi, na mkubwa wake alikuwa ameshasema tutakuja. Aliweka benchi kwa neno langu. Nami nilisahau, dada. Nilisahau baba wa mtu! Nilikuja kukumbuka pale aliposimama mlangoni kwangu na kitambaa cheusi kifuani.

Hapo bado ningeweza kupona. Ningesema Kalista, nilisahau, nipige. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nilitangaza, lakini wenzako unawajua, kila mmoja alikuwa na sababu yake, usiwawekee moyoni. Kisha nikakumbuka kwamba akitoka tu mlangoni watamuuliza, nikamwambia aketi kwanza anywe chai yangu, nikatoka mbio nikawaambia wenzake kwamba Kalista amefiwa, amezika, ameomba sana asiulizwe maswali, wao kwao msiba ni wa familia. Walishangaa lakini walinitii. Mimi ndiye ninayetangaza. Uongo mmoja niliugawa mara mbili, kila upande ukapata wake, na ndio huo uliomfukuza Victor na unaomfukuza Kalista. Ulipokuja kunitembelea ulikuwa unaogopa sifa za uchawi za mji huu, unakumbuka? Hakuna aliyeiroga wodi yangu. Ni mimi.

Na wewe dada, ndiwe niliyekutendea vibaya kuliko hao. Wale niliwadanganya kwa hofu. Wewe nilikudanganya nikiwa nimetulia. Uliposema Kalista anakuja kwenu, nilijua kwamba mkimkataa itabidi aiondoe notisi yake arudi kwangu, kwa sababu anamlisha mama na wadogo zake, hawezi kukaa bila kazi. Nikaona rosta ya mwezi ujao ikijaa. Hivyo tu. Nilikuwa tayari kumharibia jina ili nipate mtu wa zamu ya Jumapili.

Leo tulipokuwa tunaondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari, nyuma kidogo ya wengine, amebeba unga wa ulezi ambao mama yake alisema ni wa mkubwa wa kazi. Nilijua sasa ataninong'oneza, ataniambia dada nilikuwa na jibu lako kwenye simu siku zote, na leo nimejua pia kwamba wenzangu hukuwaambia. Nilikuwa nataka aniambie, Mungu anajua. Akaniwekea unga mikononi. Akasema pole na kazi, dada. Akarudi kwa mama yake.

Nililia kwenye gari, na wenzangu wakadhani ni uchungu wa msiba. Marsiana akanipa leso yake.

Nimefika nyumbani, sikuvua hata viatu. Nimelifungua kundi, kila mtu anaweza kuandika humo sasa. Nimeandika tangazo la msiba wa Mzee Adolfu kama nilivyotakiwa kuliandika, na chini yake nimebandika ule ujumbe wa Kalista na jibu langu, na tarehe yake inaonekana. Nimeandika kwamba mtandao haukuwa na kosa, kosa ni langu, na kwamba kesho kwenye ripoti ya asubuhi nitasimama nirudie kwa mdomo. Nimemwandikia matroni pia, nikamwambia mzigo ni mkubwa kweli na watu wanahitajika kweli, lakini wodi yangu haikukimbiwa kwa mzigo peke yake. Akitaka funguo zake azichukue, nami nirudi kwenye dripu, labda mikono yangu bado inakumbuka. Tangu niandike kwenye kundi, naona wote wamesoma. Hakuna aliyejibu, hata Marsiana. Andwele ameniletea chai, imepoa hapa mezani.

Kwa hiyo Jumatano, dada, mchukue. Huna haja ya kunionea huruma wala kuniombea arudi. Hutapata muuguzi kama huyo. Ila usimsifu sana mbele ya watu, na likizo yake umpe anapoiomba.

Barua hii anakuletea Kalista mwenyewe. Kesho nitamkabidhi kabla hajaenda stendi, na bahasha sikuibandika. Nitamwambia aisome yote kwanza, na akiona haifai kufika kwako, aichane huko njiani, ni haki yake. Ukiwa unaisoma sasa, ujue ameamua ifike.

Nisalimie sana mama, mwambie nitakuja mwenyewe kumweleza, asisikie kwa watu. Msalimie shemeji, wasalimie watoto, msalimie na mchungaji. Na huyo aliyesimama mbele yako na begi lake, usimwambie pole na safari kwanza, wala pole na kazi. Mkalishe, umshike mikono miwili, umwambie pole kwa msiba wa baba yako, Mzee Adolfu. Umtaje kwa jina. Mwambie hizo ndizo salamu za watu wa kazini.

Mimi mdogo wako ninayekuonea haya,

Asifiwe